Kutia Rangi Manyoya ya Chambo kwa Vitu vya Jikoni

Hotuba hii ilitolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya wavuvi wa mshipi na vijana wanaofunga chambo cha manyoya. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa baharini siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wetu, manahodha wetu, shikamooni. Vijana wa mshipi, poleni na kazi. Mama zangu mliokuja na watoto, karibuni mbele, msikae kule nyuma, kwa sababu mengi tutakayosema leo yanahusu sufuria, siki na hina, na hapo ninyi ndio walimu.

Nianze na swali kwa wanaorambaza, wanaovuta chambo nyuma ya ngalawa. Nguru amepanda juu, kolekole wanafukuza dagaa, ndege wanashuka, na kwenye mshipi wako kuna kishada cha manyoya meupe yaliyopauka kwa jua. Ngalawa ya jirani ina cha kijani mgongoni na cheupe tumboni. Mnavuta maji yale yale, kwa mwendo ule ule. Nani anapandisha? Siyo kila siku rangi ndiyo inayoamua. Lakini siku inayoamua, unataka uwe nayo sandukuni. Na kila mmoja hapa anajua kwamba chambo cha dukani ni fedha, na mzia hajali ulikinunua kwa bei gani: akipitisha meno yake mara moja, kimekwenda.

Sasa tazameni tunachokitupa. Nyuma ya kila banda la kuchinjia kuku sokoni kuna gunia la manyoya meupe linalosubiri kuchomwa. Jikoni kuna siki. Dukani kwa Mangi kuna rangi ya biriani ya kupima kwa kijiko. Ndani kwa mama kuna hina. Tuna kila kitu, isipokuwa utaratibu. Utaratibu ndio tuliokuja kuuzungumza.

Anayejaribu bila utaratibu huwa na safari moja. Anakoroga rangi kwenye maji, anatumbukiza manyoya, yanatoka mekundu, anafurahi. Anafunga chambo. Anakishusha baharini, na baada ya nusu saa anavuta kitu cha waridi kilichofifia. Kwa nini? Kwa sababu rangi ilikaa juu ya unyoya tu. Haikuingia. Haikushikwa na kitu chochote.

Ndugu zangu, unyoya ni protini. Jina lake keratini. Kucha yako ni keratini, nywele zako ni keratini, pembe ya mbuzi na kwato zake ni keratini. Mama zangu, bibi harusi akipakwa hina leo, baada ya wiki mbili mkononi imebaki nini? Imefifia. Na kwenye kucha? Ipo vile vile, itaondoka tu kwa kucha kukua na kukatwa. Hina inaikamata keratini na haiiachii. Kinachotokea kwenye kucha ndicho kinachotokea kwenye unyoya na kwenye singa za mbuzi. Mkishaelewa hilo, nusu ya kazi imeisha.

Nusu nyingine ina kisa chake. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini. Kwinini hii hii ya malaria, ambayo wakati huo ilitoka kwenye magome ya mti tu na ilikuwa ghali. Hakuipata. Alichopata ni tope jeusi, na alipolisafisha kwa spiriti likatoa rangi ya zambarau. Akaijaribu kwenye hariri, ikashika vizuri sana. Lakini ilipopelekwa kwenye pamba, ikagoma, mpaka pamba ilipotayarishwa kwanza kwa tanini, ile iliyomo kwenye majani ya chai. Kwa nini hariri ilikubali na pamba ikakataa? Hariri ni protini inayotoka kwa kiwavi. Pamba ni mmea. Rangi moja, maji yale yale, lakini kitambaa kikiwa cha asili tofauti matokeo nayo ni tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mkaa, jiulize: ninachotia rangi ni nini? Manyoya ya kuku, bata na kanga, sawa. Singa za mbuzi na usinga wa mkia wa ng'ombe, sawa. Uzi wa nailoni nao unakubali, ingawa haukutoka kwa mnyama, kwa sababu umbile lake linakaribiana na protini. Uzi wa pamba utakukatalia. Nyuzi za sandarusi zitakukatalia kabisa, hata uzichemshe tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hizo chukua zikiwa na rangi zilizotoka nazo kiwandani.

Na siki inafanya nini? Siki ni asidi. Unyoya ukiwa ndani ya maji ya asidi unapata chaji chanya. Rangi nyingi za chakula zina chaji hasi. Vinavutana. Moto nao unaufanya unyoya uvimbe kidogo, rangi ipate njia ya kuingia ndani. Kwa hiyo mambo ni matatu: asidi, moto, muda. Ukikosa asidi, rangi inabaki majini. Ukikosa moto, rangi inabaki juu juu. Ukikosa muda, ncha zinashika na mashina yanabaki meupe.

Tuje kwenye kupata manyoya yenyewe. Kuku wa nyama wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, kwa hiyo manyoya yake ni mafupi na laini. Yanafaa kwa kola ya chambo, yaani manyoya yanayozunguka shingo yake, na kwa vyambo vidogo vya vibua. Kwa mkia mrefu wa chambo cha nguru unataka jogoo mweupe aliyekomaa, manyoya ya kiunoni, yale membamba yanayoning'inia pembeni mwa mkia. Ongeeni na wachinjaji wawanyonyolee hayo kwa mkono, makavu, kabla kuku hajatiwa kwenye maji ya moto. Na kuku aliyekufa kwa kideri, manyoya yake muyaache. Hakuna chambo kinachostahili kuwapelekea majirani ugonjwa ule.

Na hapa niseme jambo kwa uzito. Msiwinde ndege wa porini kwa ajili ya rangi zao. Mdiria mwacheni kwenye mikoko yake. Mwezi Juni 2009 huko Uingereza, kijana mmoja mwanafunzi wa muziki aliingia usiku katika jumba la makumbusho la mji wa Tring akaiba ngozi 299 za ndege. Baadhi zilikuwa zimekusanywa na mtaalamu wa viumbe Alfred Russel Wallace zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliziibia nini? Manyoya yake, kwa ajili ya kufungia ndoana za samoni za mtindo wa kale! Nyingi ziling'olewa vibandiko vyake, na ngozi isiyojulikana ilikotoka na ilikusanywa lini haina tena kazi kwa mtaalamu. Hasara ile hailipiki. Na hali rangi zile, au zinazokaribiana nazo kabisa, mafundi wengi wa ndoana hizo hizo huzipata kwa kutia rangi manyoya ya ndege wa kufugwa. Samaki hamuulizi mtu ndege gani.

Haya, kusafisha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaona ni kazi ya kupita. Kuku ana tezi ya mafuta juu ya mkia, na kwa mdomo anajipaka mafuta hayo mwili mzima ili maji yasimwingie. Mafuta yale yale yatazuia rangi yako. Kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, lita 5, tia kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya unga au sabuni ya maji ya vyombo. Tumbukiza manyoya, yakandamize taratibu, usiyafikiche kama nguo. Yaache nusu saa. Mwaga, rudia kama maji bado ni machafu. Singa za mbuzi rudia hata kama unaona yametakata, mafuta yake ni mazito zaidi.

Msitumie sabuni ya mche kwa kazi hii, hasa kwa maji ya visima vyetu. Visima vingi vya pwani vina maji mazito yenye chumvi, na sabuni ya mche kwenye maji hayo inaganda, inaacha utando mweupe juu ya unyoya. Hapo umetoa mafuta ya kuku ukaweka ya sabuni. Maji ya mvua ndiyo bora, na ndugu zetu wa Newala na Tandahimba wanaovuna maji ya mvua kwenye visima vya nyumbani wana bahati katika hili. Ukiwa huna ila maji ya kisima, ongeza siki kidogo wakati wa kutia rangi, maana maji hayo yanaila asidi.

Suuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki ni adui wa siki, vinauana.

Na jiki, je? Kuna atakayesema, "Manyoya yangu ni ya kijivu, niyatie jiki yawe meupe." Usithubutu. Klorini inayeyusha keratini. Mafundi wa ndoana za manyoya wanalijua hili vizuri kiasi kwamba wanalitumia makusudi: unyoya wa tausi huchovya kwenye maji ya klorini kwa muda mfupi mpaka nyuzi zote ziungue, libaki shina tupu lenye mistari, wanalifunga kama mwili wa mdudu. Wanasimama juu ya bakuli wanaangalia, na wanautoa upesi. Sasa wewe unayetaka zile nyuzi zibaki, unayaacha usiku kucha, asubuhi utakuta nini? Uteute. Unyoya wa kijivu utie rangi nzito, utapendeza kwa namna yake: njano juu ya kijivu hutoa rangi ya zeituni ambayo kwa kweli ni nzuri kwa maji ya karibu na mikoko.

Baada ya kusuuza, manyoya yabaki majini. Nasema tena: yabaki majini, saa moja au zaidi, mpaka yazame. Unyoya mkavu unaelea, upande wa juu haupati rangi, unatoka na mabaka.

Sasa jiko. Sufuria zetu ni za alumini, na siki ya moto inaila alumini polepole na kuifanya rangi ipoe. Njia tunayoipendekeza ni ya chupa. Chukua chupa za kioo zenye mdomo mpana, za jamu au achari, za karibu nusu lita. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa ili kioo kisiguse bati la moto kikapasuka. Panga chupa zako juu ya kitambaa, tia maji kwenye sufuria yafike nusu ya kimo cha chupa. Kwa njia hii siki haigusi alumini, moto haupandi ghafla, na juu ya jiko moja unatia rangi nne au tano kwa mkupuo.

Ndani ya kila chupa tia maji ya uvuguvugu kama mililita 400. Robo kijiko cha chai ya rangi ya chakula ya unga uikoroge kwanza kando, kwenye kikombe chenye maji ya moto kidogo, mpaka iyeyuke, kisha uichuje kwa kitambaa chepesi. Rangi nyingi za unga zimechanganywa na chumvi au wanga, na chembe moja isiyoyeyuka itakuachia doa jekundu kwenye unyoya wa njano. Kama rangi yako ni ya maji, anza na nusu kijiko cha chai. Tumbukiza konzi moja ya manyoya yaliyolowa, usiyashindilie, yawe na nafasi ya kuogelea. Washa moto mdogo. Siki bado.

Kwa nini siki bado? Kwa sababu ukiitia mwanzoni, rangi inavamia unyoya wa kwanza inaoukuta, huo unakuwa mzito na mwingine unabaki mweupe. Acha manyoya yazoeane na rangi huku maji yakipata moto kwa dakika 10. Ndipo utie siki vijiko vikubwa viwili, lakini kwa awamu tatu, kila baada ya dakika tano, na kila mara uyatoe manyoya pembeni kwa kijiti, utie, ukoroge, uyarudishe. Huna siki? Vijiko vikubwa vitatu vya maji ya ndimu yaliyochujwa. Au nusu kijiko cha chai cha unga wa ndimu. Ukwaju una asidi ya kutosha, ila una wekundu wake, kwa hiyo uweke kwa rangi za kahawia tu.

Moto uwe wa namna gani? Maji ya sufuria yawe yanatoa mvuke, vipovu vidogo vimeshika ukutani, lakini yasitokote. Ni kama nyuzi joto 80. Yakitokota, nyuzi za unyoya zinajikunja na kusokotana, shina linakauka na kuvunjika siku ya kufunga. Ukiona yanaanza kutokota, toa mkaa mmoja, usiongeze maji baridi kwenye chupa.

Nusu saa kwa manyoya, saa nzima kwa singa za mbuzi. Na sasa angalieni kitu kizuri kuliko vyote katika kazi hii. Inua chupa, ishike kwa kitambaa, uitazame kwa mwanga. Mwanzoni maji yalikuwa mekundu hata kidole hukioni upande wa pili. Sasa unaona manyoya mekundu yamesimama ndani ya maji meupe, au karibu meupe. Rangi yote imehama kutoka majini ikaingia kwenye unyoya. Maji yakiwa hivyo, imeshika. Maji yakibaki mekundu baada ya nusu saa, kuna moja katika matatu: siki haikutosha, moto haukutosha, au umetia rangi nyingi kuliko unyoya unavyoweza kubeba. Jaribu kuongeza kijiko kimoja cha siki, usubiri dakika 10. Yakikataa kupungua, rangi ilizidi tu; tia konzi nyingine ya manyoya, utapata mepesi ya rangi hiyo bure.

Acha yapoe ndani ya chupa hiyo hiyo. Ukiyatoa ya moto na kuyatia kwenye maji baridi, rangi iliyokuwa bado inaingia inakatishwa. Yakishapoa, suuza mpaka maji yatoke safi, kamua kwa kuyakandamiza ndani ya taulo, anika kivulini penye upepo, ndani ya chandarua au kitambaa chepesi kilichofungwa ili yasiruke. Yakitoka yamesinyaa, usikate tamaa: yashikilie juu ya mvuke wa birika kwa nusu dakika, nyuzi zitafunguka zenyewe.

Kuchanganya rangi kuna mtego wake. Kijani cha njano na bluu, zambarau ya nyekundu na bluu: rangi mbili ndani ya chupa moja hazikimbii sawa. Nyekundu inatangulia, bluu inachelewa. Ukimwaga siki yote kwa pupa, zambarau yako inatoka nyekundu yenye mabaka ya bluu. Ndiyo maana tunasisitiza siki kwa awamu na moto wa polepole. Kwa ile njano ya ukijani, rangi ya ndimu changa, ambayo kolekole anaipenda sana, tia robo kijiko cha njano na bluu iliyokolea ncha ya njiti ya kiberiti tu. Ncha ya njiti! Bluu ina nguvu, ikizidi hairudi.

Mafundi wa Marekani wana desturi ya kutumia Kool-Aid, unga wa juisi uliobuniwa Hastings, Nebraska, mwaka 1927. Pakiti zake ndogo zinauzwa bila sukari, na ndani yake tayari mna asidi ya ndimu, kwa hiyo rangi na siki vinakuja pamoja. Vijana watasema, basi na sisi tuchukue unga wa juisi wa dukani. Someni kwanza pakiti. Ukiwa na sukari uacheni. Manyoya yatanata na sisimizi watayamaliza sandukuni. Rangi ya biriani na siki vinafanya kazi ile ile kwa gharama ndogo.

Tupite kwenye rangi za miti na majani, ambazo hazihitaji hata kwenda dukani.

Hina ndiyo mfalme. Vijiko vikubwa vinne vya hina safi ya kijani, maji ya uvuguvugu na ndimu moja, koroga iwe nzito, funika saa nne mpaka uso wake ugeuke kahawia. Zimua kwa maji ya uvuguvugu iwe kama uji mwepesi, tia manyoya yaliyolowa, acha usiku kucha. Hapa usiipike. Asubuhi suuza kwa uvumilivu, maana chembe zake zinajificha kwenye nyuzi. Unapata rangi ya chungwa iliyoiva kuelekea kutu, na chambo cha rangi hiyo kilichofungwa kifupi, chenye ndevu mbili, ni kamba wa baharini kabisa. Piko msitumie. Ina kemikali inayowaunguza watu ngozi na kuwapa mzio wa maisha. Ukitaka manyoya meusi, mtafute kuku mweusi.

Chai: vijiko vikubwa vinne vya majani kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 15, chuja, rudisha motoni bila kutokota, tia manyoya kwa saa moja. Inatoa hudhurungi ya mchanga. Kinachotia rangi ni tanini, na tanini ndiyo pia inayofanya utomvu wa bibo usitoke kwenye shati. Kila mtoto wa Mtwara amewahi kupigwa kwa ajili hiyo. Ukitaka kijivu, loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku tatu au nne, chukua kijiko kikubwa kimoja cha maji hayo utie kwenye lita moja ya maji, uchovye manyoya yaliyotoka kwenye chai. Dakika tano zinatosha. Tanini na chuma vikikutana vinageuka weusi mbele ya macho yako. Usizidishe, chuma kingi hukausha unyoya.

Na kwa kuwa tumetaja bibo: maganda ya korosho yasisogee kwenye chupa zako. Mafuta yake yanaunguza ngozi, waliobangua korosho kwa mkono wanayajua makovu yake.

Maganda ya vitunguu maji ukiyachemsha na nusu kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa, unapata rangi ya dhahabu inayodumu. Manjano inashika upesi na inawaka vizuri siku ya kwanza, ila jua linaila na sabuni inaigeuza nyekundu. Mimi nisingeipoteza kwenye chambo. Ibaki kwenye mchuzi.

Rangi za ukili wanazotumia mama zetu kwenye mikeka zinaushika unyoya, lakini nyingi zinachuja, na hazikutengenezwa kuliwa. Anayezitumia awe na chupa na sufuria ambazo hazirudi jikoni kamwe.

Sasa, rangi gani kwa maji gani? Wavuvi wa mshipi wa chini, hili ni lenu. Maji yanaimeza nyekundu kwanza. Ukishuka mita 10 tu, chambo chako chekundu kinaonekana cheusi kilichofifia. Ndiyo maana samaki wengi wa kilindini ni wekundu: huko chini wekundu ni maficho. Kwa hiyo nyekundu iweni nayo juu, kwenye kurambaza, hasa shingoni mwa chambo, mahali pa matamvua ya samaki. Kwa chini, fungeni cheupe na bluu, au kijani. Alfajiri, kabla jua halijatoka, nyeusi na zambarau, kwa sababu samaki anatazama kutoka chini na anaona kivuli dhidi ya mbingu.

Na msitie rangi moja mwili mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950, fundi wa Marekani Lefty Kreh alifunga chambo kwa ajili ya samaki wa ghuba ya Chesapeake: mkia wa manyoya marefu ya kiunoni ya jogoo, na kola ya singa za mkia wa paa. Jogoo na paa tu. Kikaitwa Lefty's Deceiver, kikavuliwa samaki wa kila aina ya maji ya chumvi, na mwaka 1991 Posta ya Marekani ikakichapa kwenye stempu. Nguvu yake iko wapi? Kina umbo la dagaa, na fundi anaweza kukifunga tumbo jeupe na mgongo wa giza kama dagaa mwenyewe. Singa za paa ninyi hamna haja nazo. Mbuzi mweupe anatosha. Ila zinyoeni zitoke kwenye ngozi, mzifunge uzi mafungu mafungu kabla ya kuzitia kwenye chupa. Ngozi mbichi ikipita nyuzi joto 60 inasinyaa na kuwa ngumu kama mbao, na hutaweza kukata kitu hapo.

Kabla hamjafunga hata chambo kimoja, fanyeni jaribio hili. Chota maji ya bahari kwenye glasi, tia manyoya matatu ya kila rangi uliyotoa, acha usiku kucha. Asubuhi yaweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa, uyakandamize kwa kijiko. Kitambaa kikibaki cheupe, funga. Kikipata rangi, rudisha fungu lote kwenye maji ya siki ya moto, dakika 20 nyingine, kisha ujaribu tena. Yaliyofaulu yakauke kabisa kabla ya kuyafungia kwenye chupa yenye kifuniko. Katika hewa yetu hii ya pwani, unyoya wenye unyevu kidogo unaota ukungu ndani ya wiki, na nondo wakipata mwanya hawaachi kitu.

Maji yaliyoishiwa rangi ni siki nyepesi tu, mwageni kwenye mchanga mbali na kisima. Ya misumari na ya rangi za ukili yamwagwe shimoni, yasiende pwani.

Chupa tano ziko mezani hapa mbele, zimetoka jikoni kabla hatujaanza na zinaendelea kupoa. Njooni mzitazame kwa mwanga, mshike manyoya, muulize. Tutaanza na maswali ya mama zangu kuhusu hina, kisha manahodha.